Kobe wa Nkwabi Hafungwi Kamba

Nkwabi angeweza kumwonea wivu hata maiti. Nilikuwepo siku jeneza lilipopita Mkuyuni juu ya gari jipya kutoka Dubai, viti bado vina nailoni, naye akaacha sindano hewani akauliza, "Hivi marehemu alikuwa anafanya kazi gani?"

Usimcheke upesi. Kazi ndiyo iliyomlea hivyo. Alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, na miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, magari yaliingia Mwanza kama kumbikumbi baada ya mvua. Jana mtu ulimwona kandambili zimepishana rangi, leo kapata mnunuzi wa sangara, kesho anakuja kwa Nkwabi na gari la Kijapani anataka viti vivalishwe reksini ya rangi ya damu ya mzee. Nkwabi alishona, akaketi kwenye kiti kukijaribu, akashika usukani kidogo, akajitazama kwenye kioo. Halafu mwenyewe akafungua mlango: "Haya fundi, shuka." Mtu akiambiwa "shuka" kila siku ya Mungu, moyo nao unaota kutu.

Nyumbani kwao ndiyo usiseme. Ng'ombe wa baba yao kule Misungwi walikuwa wa kuolea watoto wa kiume, lakini kaka yake akaoa kwanza, akaoa tena, na zizi likabaki na kinyesi. Nkwabi alipokwenda kudai fungu lake, kaka akamwambia, "Mdogo wangu, wewe si una ufundi?" Tangu siku hiyo akawa hawezi kusikia ng'ombe akilia bila kununa.

Alichokuwa nacho ni Kobe. Bibi Wilhelmina, mjane wa karani wa pamba, alimpa gari dogo la marehemu mumewe kama ujira wa kumshonea makochi. Ni yale ya zamani yenye mgongo wa mviringo, injini nyuma, mizigo mbele, ambayo watu huyaita kobe. Wakati anapewa, kuku walikuwa wanaatamia ndani yake. Nkwabi akawahamisha kwa heshima, akalisukuma mpaka kwa fundi Maige, rafiki yake wa gereji, na kwa muda mrefu wawili hao wakawa wanalala na kuamka na vyuma. Siku Kobe alipowaka, mtaa ulitoka nje. Nusu ya watu walidhani mashine ya kusaga imelipuka.

Basi huyo Nkwabi, mwenye kobe na asiye na ng'ombe, ndiye aliyempenda Anyango.

Anyango alikuwa anakata minofu ya sangara kiwandani, binti wa mzee Otuoma wa upande wa Shirati, ana maneno machache na kisu kikali. Alimpenda Nkwabi hivyo hivyo na wivu wake, kama watu wanavyopenda mbwa anayebwekea wageni. Ng'ombe wachache wa mahari Nkwabi alikuwa amewachangachanga, wakaenda. Waliobaki hawakuwa na dalili ya kuzaliwa. Mzee Otuoma, ambaye magoti yalikuwa yanamsumbua na kanisa lake liko mbali, akatuma neno: waliobaki wasamehewe, alete hicho kigari, Zadok kaka yake Anyango atakuwa anamwendesha. Alete Ijumaa, Jumamosi ndugu wanakutana. Likipokewa, binti yake achukuliwe. Lisipopokewa, mambo yarudi kwenye ng'ombe. Na sote tulijua mambo yakirudi kwenye ng'ombe, Nkwabi ataoa mbinguni.

Sasa kwa mzee Otuoma kulikuwa na kanuni moja, na Anyango alimweleza mapema. Ng'ombe wa mahari anaingia langoni kwa miguu yake. Akiburutwa kwa kamba, hata awe amenona namna gani, anageuziwa pale pale. "Na gari baba anasema ni ng'ombe tu," Anyango akasema. "Liingie lenyewe."

Ndipo akatokea Alexander.

Alexander alikuwa mnunuzi wa sangara. Alikuwa mrefu, mpole, ana pikapu ya Kijapani nyeupe, na meno yake yalikaa kwa mpangilio. Nkwabi alikuwa ameshona viti vya pikapu hiyo kwa mikono yake, na kila alipoiona ikipita alisema, "Viti vyangu vile," kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Mbaya zaidi, Alexander alikuwa ananunua samaki huko huko Shirati na mzee Otuoma alimfahamu kwa jina. Siku moja akasimama kibandani kwa Nkwabi, Anyango akiwepo, Maige akiwepo, nami nikiwepo kama kawaida yangu, maana diploma yangu ilikuwa imenizimikia njiani na sikuwa na pengine pa kwenda.

"Bwana Nkwabi," akasema, "Ijumaa naenda Shirati. Pikapu inakwenda na barafu tu. Tumfunge Kobe nyuma, wewe ushike usukani na breki. Jioni tuko kwa mzee."

Maige akapiga kofi. "Hapo umesema! Injini inapumzika njia nzima. Mkikaribia nyumbani mnafungua kamba, unamwasha, anaingia langoni mwenyewe ananguruma. Kutoka hapa mpaka Shirati kwa injini ile? Ndugu yangu, ile injini ni ya kwenda sokoni na kurudi."

"Na mimi nitapanda na Alexander," Anyango akasema, "nina sufuria na kuku wa mama. Kobe hawezi kubeba vyote."

Nkwabi alikuwa anatazama pikapu. Akatazama kiti cha abiria, kile alichokishona yeye. Akasema, "Kobe wangu hafungwi kamba."

"Kwa nini?"

"Kanuni ya mzee."

"Kanuni ya baba ni ya langoni," Anyango akasema, "siyo ya Lamadi."

"Hafungwi."

"Basi bwana. Wewe nenda na injini yako, mimi nakwenda na pikapu. Tutaonana kwa baba, Mungu akipenda. Na Kobe akipenda."

Walipoondoka nikamuuliza, kweli ndugu yangu, kanuni? Akavuta uzi kwa meno. "Hebu fikiri na wewe. Nikifungwa nyuma yake nitakaa kwenye kioo siku nzima. Mbele yangu kuna nini? Kioo cha pikapu. Ndani ya kioo kuna nini? Visogo viwili. Mwanza mpaka Shirati natazama visogo viwili vinaongea na mimi sisikii! Wakicheka, nicheke? Akimpa muwa, nifanyeje, nipige honi?"

Nikamwambia sasa visogo utakuwa huvioni kabisa, je, hiyo ndiyo nafuu? Akajichoma sindano kidole. Nikajua nimemwongezea jambo ambalo hakuwa amelifikiria.

Ijumaa asubuhi Maige alituaga, mimi na Nkwabi, kama watu wanaokwenda vitani. "Huyu hana maji," akasema akipapasa mgongo wa Kobe. "Anapozwa na upepo tu. Magu mpumzishe. Nassa mpumzishe. Lamadi mpumzishe. Mwendo ni wa mtu aliyewahi ibada. Umenisikia, Nkwabi?"

"Nimekusikia."

Alisikia kweli. Mpaka Igoma alikwenda kwa adabu hata baiskeli zikatupita, mmoja akitusalimia kwa pole. Tulipokuwa tunaingia Kisesa, mbele yetu, nyeupe, bodi limefunikwa turubali, tukaiona pikapu ikitoka kwenye kituo cha mafuta. Na kwenye kioo cha nyuma, vichwa viwili. Cha kulia cha Alexander. Cha kushoto kimefungwa kilemba.

"Ndio wale," Nkwabi akasema taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa jipu lake kwenye kioo. Halafu akakanyaga mafuta.

Sijui kama umewahi kukaa ndani ya debe ambalo mtu analipiga kwa nyundo. Hivyo ndivyo Kobe anavyokimbia. Pikapu ilikuwa haikimbii. Ilikuwa inakwenda tu, mwendo wa kawaida wa Kijapani, dereva amelegeza kiwiko dirishani. Sisi ndio tuliokuwa tunakufa.

Tukafika Magu. "Pumzisha," nikasema.

"Wao wamepumzika?"

"Wale wana maji!"

"Basi hata mimi nina maji," akasema, na kweli alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye nyusi.

Nassa ndipo mambo yalipoharibika. Tulikuwa tumesogea karibu kidogo, na pale kwenye kioo kile kilemba kikaanza kuinama. Kikainama, kikanyanyuka, kikainama tena, mwisho kikatua juu ya bega la Alexander na kubaki hapo.

"Amelala begani!"

"Labda ni mzigo umeanguka."

"Mzigo unafunga kilemba?"

"Nkwabi, barabara! Barabara iko huku!"

Hakuwa na habari na barabara. Mashimo ya lami alikuwa anayaruka kama mchezo wa watoto. Nilianza kusikia harufu, ile ya sufuria iliyosahauliwa jikoni. Lamadi tulipita nyani wamekaa pembeni kama wazee wa baraza, mmoja akashika pua. Naapa alishika pua. Nikasema, "Ndugu yangu, hata nyani wanakushauri." Akanijibu kwa kukanyaga zaidi. "Akinyanyua kichwa tu," akasema, "napunguza. Akinyanyua tu." Lakini kilemba hakikunyanyuka. Kilemba kilikuwa kimefika kwao.

Kilima cha Balili, tunakaribia Bunda, Kobe akaanza kugonga. Ko, ko, ko, kama mgeni mwenye adabu. Kisha akagonga kama mgambo. Kisha likatoka pigo moja kubwa, moshi ukafunika dirisha la nyuma, na kukawa kimya. Gari likarudi nyuma polepole mpaka Nkwabi akakumbuka kwamba ana breki.

Ukitaka kujua kimya ni nini, kaa kwenye gari ambalo injini imenoki pamoja na mtu aliyeinokisha mwenyewe.

Alexander alikuwa ametuona kwenye kioo chake. Akarudi kinyumenyume mpaka mbele yetu, akashuka. Mlango wa kushoto nao ukafunguka, kikatoka kilemba. Chini ya kilemba alikuwa mama mmoja wa makamo, mnene, ana alama ya mshono wa kiti shavuni.

"Huyu ni mama yangu mdogo, Paskazia," Alexander akasema. "Tulimkuta Buzuruga anasubiri basi la Musoma, nikaona aibu kumwacha."

"Shikamoo mama," tukasema kwa pamoja, mimi kwa kucheka, Nkwabi kwa sauti ya kuzama.

"Marahaba wanangu. Nani anachoma mpira?"

Ndipo turubali la nyuma likainuliwa. Akatokea Anyango, mweupe kwa vumbi kutoka nywele mpaka kucha, amekaa juu ya gunia la barafu, sufuria mgongoni, kuku wawili kifuani, wote watatu wamekasirika.

"Wewe!" Nkwabi akasema. "Ulikuwa huko nyuma?"

"Ulitaka mama wa watu akae juu ya barafu, mimi binti nikae kitini?"

"Tangu wapi?"

"Tangu Buzuruga. Nimekaa nimewatazama nyie tu kwenye upenyo wa turubali. Nilikuwa nakupungia mkono, Nkwabi. Nilipunga mpaka mkono ukachoka. Nikasema huyu mbona ananikodolea macho kama askari wa trafiki na hapungi?" Akapangusa uso kwa mgongo wa mkono. "Ungefungwa kamba, tungekaa tunatazamana njia nzima. Hata soga tungepiga."

Nilimtazama Nkwabi. Nimeona watu wakifiwa. Hawakuwa na uso ule.

Kamba ikafungwa. Hapo hapakuwa na mtu wa kusema hafungwi. Mama Paskazia akasema Musoma haihami, anataka kuona mwisho wa jambo hili. Kutoka Bunda mpaka daraja la Kirumi, Nkwabi alishika usukani wa gari lililokufa, na mbele yake, turubali sasa limekunjwa, Anyango ameketi anamtazama. Hakupunga. Alikuwa anatema manyoya ya kuku yaliyomwingia mdomoni na anamtazama. Tulipofika Utegi akageuka upande, akatuonyesha kisogo. Kisogo chake kweli safari hii.

Jua lilikuwa limelala upande wa ziwa tulipofika langoni. Habari zilikuwa zimetutangulia, kama kawaida ya habari mbaya. Mzee Otuoma alikuwa amesimama kwenye fimbo, Zadok kando yake amevaa shati la kuendeshea gari, na wanawake wa boma wamepanga mstari tayari kwa vigelegele ambavyo havikujua vitoke au visitoke.

Nkwabi akafungua kamba mwenyewe. Akaja mbele akainama. "Shikamoo baba."

"Marahaba." Mzee akamzunguka Kobe polepole, akapiga boneti kwa fimbo. Zadok akaifungua, akakuta mle kuna tairi na mikate yetu. Wanawake wakacheka. Nkwabi akasema injini iko nyuma, mzee akaenda nyuma, akatazama mafuta yanavyodondoka kama damu ya machinjioni.

"Huyu amekufa," akasema.

"Ndiyo baba."

"Nakuuliza neno moja, na ndugu zangu hawa wanasikia. Amekufa kwa uzee, au amekufa kwa kuswagwa vibaya?"

Kila mtu alielewa uzito wa swali lile. Kama ni uzee, basi Nkwabi ameleta mzoga, aupakie arudi nao, aanze kutafuta ng'ombe. Kama ni kuswagwa, basi ubaya ni wa mchungaji, na mzee atajiuliza mchungaji wa namna hiyo anampaje binti.

Alexander, kwa upole wake ule wa kuudhi, akakohoa. "Mzee wangu, lile gari ni la zamani sana. Ni uzee tu. Bwana Nkwabi hana kosa."

Hapo nilimwona Nkwabi akibadilika rangi. Kwamba Alexander ana pikapu, sawa. Kwamba ana meno, sawa. Lakini kwamba amtangulie hata kwenye wema, mbele ya wakwe, mbele ya Anyango! Hilo hakuliweza.

"Si uzee," akasema kwa sauti. "Nilimkimbiza mimi. Maige aliniambia nimpumzishe sikumpumzisha."

"Ulikuwa unawahi nini?"

"Wivu, baba." Akamwonyesha mama Paskazia kwa kidevu. "Niliona kilemba cha mama huyu begani kwa Alexander, nikadhani ni cha Anyango."

Mama Paskazia alishika kiuno. Akaanza kucheka kutoka tumboni, akawaambukiza wanawake wa boma, na vigelegele vilivyokuwa vimekosa pa kutokea vikatokea hapo. Mzee Otuoma hakucheka. Alimtazama binti yake. Anyango alikuwa ameshusha kuku, ameweka mikono kiunoni.

"Unamtaka huyu?"

"Namtaka, baba," Anyango akasema. "Lakini siyo na hiyo tabia."

Mzee akafikiri, akachora ardhini kwa fimbo. "Hapa kwangu mtu akimswaga mnyama mpaka akaumia, hamtupi na hamkimbii. Anakaa naye mpaka apone. Utakaa hapa na huyu kobe wako. Akipona akaingia lango hili kwa miguu yake, nimempokea. Na binti yangu ana kazi yake Mwanza. Jumatatu atarudi." Akainua macho. "Pikapu ya Alexander itampeleka. Na kiti cha mbele kitakuwa wazi, maana mama Paskazia kesho anapanda basi la Musoma."

Niliona Nkwabi akifungua mdomo. Niliona Anyango akimtazama ule mdomo. Ukafungwa.

Jumatatu alisimama kwenye ua ameshika spana ambayo haikuwa na kazi, pikapu ikaondoka na vichwa viwili. Alizungusha spana hewani, lakini miguu ilibaki chini. Nilikaa naye siku chache tu. Nilipoona hata mbuzi wa pale amepangiwa kazi ya kunifukuza, nikarudi Mwanza, na mengine niliyasikia kwa Alexander mwenyewe. Kwa maana pistoni alizileta nani? Alexander. Maige alizitafuta Mwanza, Alexander akazisafirisha pamoja na barafu, na kila alipofika Nkwabi alilazimika kuja mpaka dirishani, kusema "Shikamoo" kwa mtu waliyelingana umri, kisha "samahani, ulimi umeteleza," kisha "ahsante." Mara nyingine Anyango alikuwa ameketi pale pale kwenye kiti cha mbele. Mwanzoni Nkwabi alikuwa anasalimia tairi. Baadaye akawa anasalimia watu. Mwisho, Alexander anasema, alimkuta siku moja amebeba gunia la barafu kumsaidia, akamwambia, "Hicho kiti chako mshono umeachia, nitakushonea upya." Alexander hajui mpaka leo kwamba kwa Nkwabi hayo yalikuwa maombi ya toba.

Nilikuwepo siku Kobe alipoingia. Nkwabi na Zadok walimsukuma kutoka kando ya ua alikotengenezewa mpaka mbele ya lango, akageuzwa, Nkwabi akapanda, akawasha. Kobe akakohoa. Akakohoa tena. Kisha akanguruma, akaingia polepole mno, mwendo wa mtu aliyewahi ibada mpaka akakuta kanisa limefungwa, kuku wakimpisha bila haraka. Akazunguka ua mara moja akasimama mbele ya mzee Otuoma.

"Ameingia," mzee akasema, na wanawake wakapiga vigelegele vya haki.

Zadok akanyoosha kiganja. "Ufunguo, shemeji."

Nkwabi akautoa mfukoni, akauweka juu ya kiganja kile, lakini vidole vyake vikabaki vimeushika. Zadok akavuta kidogo. Nkwabi akatazama usukani, akatazama viti vyekundu alivyovishona mwenyewe, akamtazama Zadok kuanzia viatu. Niliijua ile sura. Nilitaka kuziba macho.

Anyango akaja akasimama kando yake. Hakumgusa.

"Achia," akasema.

Akaachia. Kidole kimoja kimoja, lakini akaachia.